Picha ya Droni Huwa Kipimo Lini?

Tarehe 25 Januari 2022 Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, lilibadilisha namna ya kuandaa picha za setilaiti za Sentinel-2. Kuanzia siku hiyo kila thamani ya pikseli iliongezewa 1000. Sababu ilikuwa ya msingi: sehemu zenye giza sana zilikuwa zikikatwa kwenye sifuri, na taarifa za pale chini zikipotea. Mabadiliko yalitangazwa, na faili la metadata linaloambatana na kila picha likaeleza kinagaubaga kwamba ile 1000 iondolewe kabla ya hesabu yoyote. Waliosoma faili hilo waliendelea na kazi yao. Wasiolisoma waliona mimea ikinyauka kwa usiku mmoja.

Hesabu yenyewe ni fupi. Shamba la mahindi yaliyostawi huakisi, tuseme, asilimia 5 ya mwanga mwekundu na asilimia 40 ya miale ya infraredi ya karibu. Katika picha za Sentinel-2 za kabla ya tarehe hiyo namba hizo zilisomeka 500 na 4000. Kielezo cha mimea kiitwacho NDVI, ambacho ni tofauti ya bendi hizo mbili ikigawanywa kwa jumla yake, kinatoa 0.78. Baada ya mabadiliko namba zinasomeka 1500 na 5000, na mtu asiyeondoa nyongeza anapata 0.54. Shamba ni lile lile, mahindi ni yale yale, ila ripoti inasema karibu theluthi ya ukijani imepotea.

Hayo yametokea katika mfumo unaoendeshwa na taasisi kubwa, yenye wahandisi ambao kazi yao ya kila siku ni kulinda vipimo, na nyaraka zake ziko wazi kwa dunia nzima. Kwenye droni mambo ni magumu zaidi. Kamera inatoka kampuni moja, ndege kampuni nyingine, programu ya kuunganisha picha ni ya kampuni ya tatu, na rubani amekodiwa kwa siku mbili. Mwisho wa yote mtafiti au bwana shamba anakabidhiwa ramani yenye rangi kutoka kijani hadi nyekundu, na namba zake, bila kuambiwa zilikotoka. Nini kifanyike ili namba hizo ziaminike kwa mtu ambaye hakuwepo shambani siku ya kurusha, na ziweze kuwekwa kando ya namba za msimu ujao, za mkoa mwingine, za kamera nyingine? Wataalamu wengi wanaanza na ugezi, yaani kulinganisha kifaa na kipimo kinachoaminika. Mimi naona ugezi ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi kuirekebisha ikiharibika. Nusu inayotuumiza ni kumbukumbu. Data yenye ugezi mbovu lakini kumbukumbu kamili inaweza kuokolewa baadaye. Data yenye ugezi mzuri isiyo na kumbukumbu haina namna ya kumthibitishia mtu wa pili kwamba ni nzuri.

Kamera ya bendi nyingi haipimi afya ya mmea. Inahesabu mwanga ulioingia kwenye kila pikseli na kuutoa kama namba tupu. Namba hiyo inategemea jua la saa ile, mawingu, muda ambao shata ilikaa wazi, kiasi ambacho kamera ilikuza ishara yake, joto la kihisi, na hata mahali pikseli ilipo kwenye picha, maana lenzi hupitisha mwanga mdogo pembeni kuliko katikati. Ili namba hiyo iwe na maana inapitishwa hatua mbili. Kwanza zinaondolewa tabia za kamera yenyewe: ile ishara ndogo inayotoka hata kamera ikifunikwa, giza la pembeni ya lenzi, tofauti za shata na ukuzaji. Hapo unapatikana mng'ao, kiasi halisi cha mwanga kilichotoka kwenye jani kuja kwenye kamera. Kisha mng'ao huo unagawanywa kwa mwanga uliokuwa ukishuka kutoka angani wakati huo. Jibu lake ni uakisi: ni sehemu gani ya mwanga uliofika ilirudishwa. Uakisi ndio unaoweza kulinganishwa, kwa sababu unaeleza zaidi mmea na udongo kuliko hali ya siku ile.

Hatua ya pili ndiyo yenye matatizo mengi, na kwa kawaida inategemea kipande kidogo cha kijivu kiitwacho paneli ya uakisi. Mkulima wa korosho anayepeleka mzigo ghalani anajua kuangalia kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo. Mizani hiyo imehakikiwa kwa mawe ya uzito unaojulikana, na mawe yenyewe yamelinganishwa na mengine yanayoaminika zaidi, ngazi kwa ngazi, hadi kwenye kipimo cha taifa na cha dunia. Paneli ndiyo jiwe la mizani la kamera. Imetengenezwa kwa nyenzo inayotawanya mwanga karibu sawasawa pande zote, na huja na namba zake: kwenye bendi hii inaakisi asilimia kadhaa, kwenye bendi ile asilimia kadhaa. Kamera inapiga picha ya paneli, programu inajua paneli inapaswa kuakisi kiasi gani, na kutoka hapo inakadiria mwanga uliokuwa ukishuka.

Tazama inavyofanyika shambani. Rubani anaiweka paneli chini, anaiinua droni juu yake kwa mikono, anapiga picha, anarusha. Ni kazi ya dakika moja, na ndani ya dakika hiyo mengi yanaweza kuharibika. Akisimama upande wa jua, kivuli chake kinaangukia paneli. Akisimama upande wa pili akiwa na fulana nyekundu, wekundu wa fulana unaangaza uso wa paneli na bendi nyekundu inapata mwanga usio wake. Mwili wake na mabawa ya droni vinaziba sehemu ya anga. Paneli ikilazwa kwenye mteremko wa tuta inapokea jua kwa pembe ambayo shamba halina. Kidole kilichogusa uso wake kinaacha mafuta. Kisha kuna vumbi.

Vumbi jekundu la Dodoma au Machakos halizibi bendi zote sawa. Kwa sababu ya chuma kilichomo, linameza sana mwanga wa buluu na kijani, mwekundu kwa kiasi, na infraredi kidogo kuliko zote. Tuseme paneli imechafuka kiasi cha kuifanya hesabu izidishe bendi nyekundu kwa asilimia 20 na infraredi kwa asilimia 5 tu. Yale mahindi yaliyostawi yatashuka kutoka 0.78 hadi 0.75, tofauti ambayo wengi hawataiona. Lakini shamba lenye mimea michache, ambalo uakisi wake ni 0.15 kwa mwekundu na 0.25 kwa infraredi, lilipaswa kusomeka 0.25 na sasa linasomeka 0.19. Kosa lile lile linaiumiza zaidi mimea dhaifu, na mimea dhaifu ndiyo watu walitumwa kuitafuta: mtama ulioguswa na ukame, muhogo wenye batobato, mbegu mpya ambayo mtafiti anajaribu kuitofautisha na nyingine kwa tofauti ndogo ndogo.

Sasa fikiria kumbukumbu zingekuwepo. Karatasi inasema paneli ilikuwa namba fulani, ilipimwa mara ya mwisho tarehe fulani, na picha zake za kabla na baada ya kuruka zimehifadhiwa pamoja na data. Miezi sita baadaye mtu anashtuka kwamba namba za shamba hazieleweki. Anaichukua paneli hiyo hiyo kabla haijasafishwa, anaipeleka maabara, anapata uakisi wake halisi, anarudia hesabu. Msimu umeokoka. Bila karatasi hiyo hakuna hata wa kumuuliza, kwa kuwa ofisi ina paneli tatu na hakuna anayekumbuka ni ipi iliyokwenda Kongwa.

Historia ya setilaiti inatoa ushahidi mkubwa wa jambo hili. Landsat 5 ilirushwa Machi 1984 na ilifanya kazi hadi 2013. Taa zake za ndani, zilizowekwa ili kuhakiki kihisi kila mara, zilibainika kuwa hazitegemeki kadiri miaka ilivyokwenda, na mwaka 2003 utaratibu wake wa ugezi ukafanyiwa marekebisho. Picha za miaka ya 1980 zikarudiwa hesabu. Leo mtu akichunguza misitu ya Usambara ya mwaka 1986 anatumia picha iliyo sahihi kuliko ilivyokuwa siku ilipopokelewa, na hilo liliwezekana kwa sababu data ghafi ilitunzwa pamoja na historia ya kifaa. Je, kuna mradi wa droni katika ukanda wetu ambao picha zake za leo zitaweza kurudiwa hesabu mwaka 2045?

Kutoka kwenye paneli tuinue macho angani, maana hapa ndipo miongozo tuliyoazima inapotupotosha. Miongozo mingi ya kurusha droni iliandikwa kwa mashamba ya Ulaya na Amerika Kaskazini, na inashauri kurusha adhuhuri, jua likiwa juu na vivuli vikiwa vifupi. Kwa Ujerumani ni ushauri mzuri. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri linapita karibu kabisa utosini. Kamera inayotazama chini moja kwa moja, yenye upana wa kuona wa nyuzi 47 hivi kama RedEdge ya MicaSense, inalitazama shamba kutoka upande ule ule jua linakotokea. Pale ambapo mstari wa jua na mstari wa kamera vinakutana, majani hayaonyeshi kivuli hata kidogo, na linatokea doa linalong'aa ndani ya kila picha. Picha mia kadhaa zikiunganishwa, madoa hayo yanageuka mistari inayofuata njia za droni. Asiyejua atadhani ni mistari ya mbolea. Na Machi si mwezi wa kupuuzwa: ndipo mahindi na mtama wa Dodoma viko katika hatua ambayo mtafiti anataka sana kuviona.

Dawa yake ni kurusha saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi, jua likiwa bado upande, au kusubiri alasiri. Lakini asubuhi kuna umande kwenye majani, nao unabadilisha uakisi, na kufikia mchana mawingu ya marundo yameanza kupanda. Hakuna saa iliyo safi. Ndiyo maana siamini katika kiwango kitakachotoa amri moja ya saa ya kurusha kwa dunia nzima. Kiwango kizuri kitaamuru kwamba pembe ya jua, upana wa kuona wa kamera, hali ya umande na mawingu viandikwe, ili anayechambua aweze kuamua picha zipi azitumie na zipi aziache.

Mawingu yenyewe yana kisa chake. Kamera nyingi za leo huja na kihisi kidogo kinachowekwa mgongoni mwa droni kupima mwanga unaoshuka muda wote wa safari. Wazo ni zuri: wingu likipita, kihisi kinaona, hesabu inarekebishwa. Ila droni ikiruka kuelekea upepo huinama, na kihisi kinainama nayo. Ikielekea jua kinapata mwanga mwingi, ikigeuka kinapata kidogo, ingawa anga halijabadilika. Pia wingu linaweza kuifunika droni wakati shamba lililo chini yake bado liko juani, au kinyume chake. Wauzaji hupenda kusema kihisi hiki kimeondoa haja ya paneli. Hakijaiondoa. Paneli inatoa thamani ya kuaminika mwanzoni na mwishoni, kihisi kinasaidia katikati, na palipo na marundo ya mawingu yanayopita kila dakika mbili tatu, jambo la busara ni kushusha droni na kusubiri.

Tatizo jingine ni kamera kuziita bendi zake kwa majina yanayofanana huku zikiona vitu tofauti. Chukua bendi ya ukingo wa wekundu, ile sehemu ambapo uakisi wa jani bichi unapanda ghafla kutoka chini kwenda juu kati ya nanomita 680 na 750 hivi. RedEdge ina kitovu cha bendi hiyo kwenye nanomita 717. Sequoia ya Parrot iko kwenye 735. Kampuni ya DJI imeiweka kwenye 730. Sehemu nyingine ya spektra tofauti ya nanomita 18 ingekuwa jambo dogo, lakini hapa ni mteremko mkali, na kusogea kidogo kunabadilisha uakisi kwa kiasi kikubwa. Infraredi nayo: Sequoia 790, RedEdge 840, Mavic 3 ya bendi nyingi ya DJI 860. Zote huandikwa kwa jina moja kwenye ramani, na vielezo vyote huitwa kwa jina moja. Shirika likibadilisha kamera kati ya msimu mmoja na mwingine, linaweza kutangaza kwamba mazao yameboreka, kumbe limenunua kamera mpya. Kuepuka hilo hakuhitaji mashine. Kunahitaji kila ramani iandikwe modeli ya kamera, kitovu cha kila bendi na upana wake, na mwaka wa kubadilisha kamera zote mbili zirushwe juu ya shamba moja siku moja.

Nimefika kwenye kumbukumbu zenyewe, na hapa mambo ni ya kawaida kiasi kwamba watu wanaona aibu kuyajadili kwenye mikutano. Saa, kwa mfano. Droni iliruka saa nne asubuhi kwa hesabu yetu. Kwenye simu ya rubani ni 10:00. Kwenye faili la picha, kwa kuwa kamera hufuata GPS, huenda imeandikwa 07:00 za UTC, saa ya rejea ya dunia. Msaidizi anayejaza fomu kwa mkono anaandika "saa 4". Mchambuzi aliyeko Wageningen, Uholanzi, akiipokea 4 hiyo kama 04:00 kwa saa za Afrika Mashariki na kuiingiza kwenye hesabu ya pembe ya jua, jua linakuwa bado liko chini ya upeo wa macho. Fomu lazima iwe na nafasi moja tu ya saa, na itaje bila kuacha shaka kwamba inayotakiwa ni UTC.

Kisha namna tunavyotumiana mafaili. Kazi nyingi za Afrika Mashariki zinapita WhatsApp, na sioni ubaya wowote, ila picha ikitumwa kama picha inabanwa na metadata yake inafutwa: muda wa shata, ukuzaji, mahali, namba ya kamera, vyote vinatoweka. Ikitumwa kama hati inabaki nzima. Programu za kuhariri picha nazo, mtu akifungua faili na kulihifadhi upya, mara nyingi hutupa sehemu ile ile ya metadata ambayo hesabu ya uakisi inaihitaji. Ukifika hapo hakuna ugezi utakaosaidia. Namba zilizobaki ni rangi tu.

Na programu ya kuchakata inapaswa kutajwa kwa jina na toleo. Pix4D, Metashape na OpenDroneMap haziunganishi picha kwa njia moja; moja inaweza kuchanganya pikseli za picha kadhaa zinazopishana, nyingine ikachagua picha iliyo karibu zaidi na wima. Matoleo mawili ya programu moja nayo yanaweza kutofautiana. OpenDroneMap ina faida kwamba msimbo wake uko wazi, hivyo mtu anaweza kuona hasa kilichofanyika. Ninaipendelea kwa kazi ya umma kwa sababu hiyo hiyo.

Si kwamba dunia imekaa kimya. ISO 19115 inaeleza metadata ya taarifa za kijiografia kwa jumla. Kamati ya Setilaiti za Kuchunguza Dunia, CEOS, ina masharti ya data iliyo tayari kuchambuliwa, lakini yameandikwa kwa setilaiti. Kikundi kazi cha IEEE kinachojulikana kama P4001 kimeshughulikia ugezi wa kamera za spektra zenye bendi mamia, kutoka nanomita 250 hadi 2500. Wanaofanya majaribio ya mimea wana MIAPPE, orodha ya taarifa za chini kabisa zinazopaswa kuambatana na jaribio. Ulaya ilifadhili mtandao wa HARMONIOUS kwa ajili ya kuoanisha mbinu za droni katika kilimo na mazingira. Mwaka 2018 Helge Aasen na wenzake walichapisha mapitio marefu ya kamera za droni, taratibu za kupima na masahihisho, na bado ndiyo andiko ningemshauri mtu aanze nalo. Juu ya yote kuna kanuni za FAIR za mwaka 2016, zinazodai data ipatikane, ifikike, ioane na nyingine na itumike tena.

Kila moja inagusa kipande. Hakuna inayomwambia rubani wa Morogoro aandike nini kwenye karatasi yake saa tatu na nusu asubuhi. Na nyingi zimeandikwa na watu wenye maabara, wakiwaandikia wenye maabara.

Mfano wa karibu zaidi na sisi, na ambao sijui kwa nini hautajwi mara nyingi, uko Nairobi. Maabara ya spektra ya udongo na mimea ya ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo-misitu, imefanya kazi miaka mingi na tatizo la aina hii hii, kwenye udongo. Mradi wa taarifa za udongo wa Afrika, AfSIS, ambao maabara hiyo ilishiriki na ulioanza mwishoni mwa miaka ya 2000, ulikusanya udongo kutoka maeneo 60 ya Afrika kusini mwa Sahara, kila eneo likiwa na kilomita 10 kwa 10. Udongo mmoja ukisomwa na mashine mbili hutoa mistari miwili ya spektra inayotofautiana. Walilishughulikia kwa taratibu zilizoandikwa hatua kwa hatua, kuanzia kukausha na kusaga hadi kusoma, na kwa sampuli za rejea zinazopitishwa kwenye mashine mara kwa mara. Wao wana faida kubwa: sampuli yao imekauka, imesagwa, iko ndani ya kisanduku chenye mwanga wake. Droni iko nje, upepo unavuma, jua linasogea. Nidhamu yao ya kuandika ndiyo ya kuiga, tena kwetu inahitajika mara mbili zaidi.

Zanzibar nayo imeonyesha kwamba kazi kubwa ya droni inaweza kupangwa na watu wa hapa hapa. Mradi wa kupiga ramani visiwa, ulioanza 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Benki ya Dunia, uliwatumia vijana wa chuo kama marubani kuvipiga picha Unguja na Pemba. Zilikuwa picha za rangi za kawaida, hazikuhitaji uakisi. Lakini kupanga safari nyingi zifuate utaratibu mmoja, zihifadhiwe mahali pamoja na zifunguliwe kwa umma, ni ujuzi uleule ambao data ya spektra inaudai.

Kuna hoja dhidi ya haya yote, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Mkulima wa ekari nne anayetaka kujua kona ipi ya shamba lake imedumaa hahitaji cheti cha paneli wala UTC. Akirusha mara moja, siku moja yenye anga tulivu, na kulinganisha kona moja na nyingine ndani ya ramani ile ile, makosa mengi yanawagusa wote sawa. Kumlazimisha afuate kiwango cha maabara ni kumfukuza. Nakubali kabisa. Kiwango kinapaswa kutofautisha matumizi: kuangalia ndani ya shamba moja kwa siku moja ni jambo moja, kulinganisha misimu, mikoa au kamera ni jambo jingine, na kulipa fidia ya bima, kuthibitisha hewa ya ukaa au kupitisha mbegu mpya kwa namba za droni ni jambo la tatu, ambalo namba zisizo na kumbukumbu hazipaswi kuruhusiwa hata kuingia mezani. Mkulima anayenyimwa fidia kwa sababu ya paneli iliyochafuka hana njia ya kujua kilichomponza. Huyu ndiye ninayemfikiria ninapoandika haya.

Kwa Afrika Mashariki sioni haja ya kusubiri kiwango kikubwa kitoke Geneva. Shirika la Viwango Tanzania na KEBS ya Kenya wana maabara za ugezi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wa kuoanisha viwango vya nchi wanachama. Huduma ya kupima upya uakisi wa paneli, mara moja kila mwaka kwa ada nafuu, ingeanzia kwao. Tunahitaji pia maeneo machache ya rejea ardhini. Kwa setilaiti upo mtandao wa RadCalNet, na kimojawapo cha vituo vyake kiko Gobabeb, kwenye jangwa la Namib: vyombo vinapima ardhi na anga, na matokeo yanatolewa kwa kila nusu saa ya mchana ili setilaiti zinazopita zijihakiki. Kwa droni inatosha kitu kidogo zaidi: sakafu ya zege isiyobadilika sana katika kituo cha utafiti, iliyopimwa vizuri, ambayo kila rubani anaipitia kabla ya kwenda shambani. Vituo vya utafiti wa kilimo vya Kiboko, Makutupora na Naliendele vinazo sehemu za kufanyia hivyo, na kituo cha ramani cha ukanda, RCMRD cha Nairobi, ambacho kimehudumia nchi za ukanda huu tangu 1975, kingefaa kutunza vipimo vyao.

Lakini hatua inayoweza kuchukuliwa mapema kuliko zote iko mikononi mwa anayelipa. Wizara, mradi au kampuni ya bima inapotangaza zabuni ya kurusha droni, mkataba uorodheshe vinavyokabidhiwa pamoja na ramani: faili ghafi zote, picha za paneli za kabla na baada, cheti cha paneli, namba za kamera na kihisi cha mwanga, fomu ya shambani yenye saa za UTC na hali ya anga, jina na toleo la programu na mipangilio iliyotumika. Hoja ya ukubwa wa mafaili haina uzito. Kamera ya RedEdge hutoa faili tano kwa kila mpigo, kila moja ikiwa na megabaiti 2.5 hivi, kwa hiyo safari yenye mipigo 1000 ni kama gigabaiti 12, na diski ya terabaiti moja inabeba safari themanini za namna hiyo. Wanaolalamika zaidi huwa ni watoa huduma wanaopenda kuuza ramani iliyokamilika na kubaki na data ghafi mikononi mwao. Anayelipa ana haki ya kukataa, na mzabuni asiyetaka kutoa faili ghafi aachwe mapema, apatikane mwingine kabla ya mvua kuanza.